Machubwi Tumboni

Kila asubuhi, kabla hajachemsha chai, fundi alifungua dirisha la kibanda chake pale kwenye gati la bwawa, akapangusa meza kwa kitambaa chenye mafuta, akapanga vifaa kwa utaratibu uleule: koleo ya mdomo mwembamba, bisibisi ndogo za kufungulia rili za kukunjia mshipi, mkebe wa grisi, magazeti ya zamani. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kutengeneza zana za wavuvi wa ndoana. Alisafisha rili zilizoingia mchanga, alifunga mafundo yasiyofunguka, alipaka rangi vyambo bandia vilivyochubuka, na ushauri aliutoa bure, mtu autake asiutake.

"Mshipi wako mnene kama kamba ya mbuzi," alimwambia mteja mmoja. "Samaki ana macho, kaka yangu. Hata mimi ningekimbia."

Samaki walianza kuja msimu wa joto. Wa kwanza alipanda ngazi za gati kwa mapezi, akavuka saruji akiacha michirizi ya maji, akangoja mlangoni. Alikuwa besi wa wastani, wale samaki wa kijani wenye mdomo mpana ambao ndio wanaowaleta watu kwenye bwawa lile, na alikuwa na ndoana ya ncha tatu shavuni. Fundi alimtandikia gazeti lililoloweshwa maji, akaikata ndoana kwa koleo, akaitoa kipande kipande, akampaka dawa ya zambarau. Samaki alishukuru akarudi alikotoka. Siku zilizofuata walikuja wengine, na haukupita muda mrefu palikuwa na foleni. Wavuvi waliokuja na rili zao iliwabidi wangoje zamu, jambo ambalo baadhi yao hawakulipenda, kwa sababu wao walikuwa wanachama wa chama cha wavuvi na samaki hawakuwa.

Besi si wasemaji, lakini kiumbe chochote kikikaa kwenye meza ya fundi lazima kiongee. Walilalamika kuhusu watu wanaotupa ndoana kwenye jua kali ilhali kila mwenye akili yuko kivulini, chini ya magugu maji. Walilalamika kuhusu vyambo vya rangi ya waridi. Mmoja alisema yule bwana wa boti ya bluu anavuta mshipi kana kwamba anafukuzwa na mwenye nyumba, na kwamba wao huanza kumfuata kisha wanaona si heshima kukimbizana hivyo. Fundi aliyapeleka maneno hayo kwa wenyewe bila kusema yalikotoka. Walioyasikia walipata samaki. Waliojifanya hamnazo waliendelea kuulaumu mwezi.

Waliompa shida ni wale waliokuja bila ndoana. Walipanda ngazi kwa tabu, matumbo yakiburura chini, na wakifika hawakutaka hata salamu. Fundi aliingiza kidole kooni taratibu, akavuta, na yakatoka machubwi: yale mapande ya risasi ambayo mvuvi hufunga juu ya ndoana ili izame. Yalikuwa na umbo la punje ya hindi. Bwawani pale mtu mmoja tu aliyeyusha risasi katika kalibu ya umbo hilo, naye alikuwa mwenyekiti wa chama cha wavuvi, bingwa wa miaka mingi, tena shemeji yake fundi, kaka mkubwa wa marehemu mumewe.

 Fundi aliyaosha machubwi yale kwa sabuni na kuyatia ndooni.

Mumewe alikuwa anaitwa Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilolisema kuliko yote akiwa kwenye boti. Mwaka wake wa mwisho katika mashindano alivua besi ambaye gati zima lilimshangilia, ila alipolazwa mezani ili apimwe, samaki yule alicheua chubwi mbele ya watu. Mwenyekiti aliliokota upesi akalitia mfukoni, akasema ni ushahidi. Siku hiyohiyo jina la Taratibu, lililokuwa kwenye ubao wa mabingwa kwa ushindi wa zamani, lilipigwa mstari mwekundu, na chama kikaamua lisiandikwe tena. Taratibu aliapa hakufanya, kisha akaacha kuapa, kisha akafa. Tangu hapo watu wakifika kwenye jina lake hushusha sauti, kama wanaotaja ugonjwa wa aibu. Kilichomchoma fundi kilikuwa hicho. Alitaka siku moja jina la mumewe litajwe gatini kwa sauti ya kawaida.

Besi mkubwa alikuja siku moja ya mawingu. Wenzake walimpisha kwenye foleni. Alikuwa jike, mweusi mgongoni kwa uzee, na mdomo wake ungemeza sufuria ya chai pamoja na mfuniko. Fundi alimtoa machubwi mpaka mkono ukachoka.

"Haya ya mwenyekiti," samaki alisema alipopata pumzi. "Alinivua, akanijaza, akanipima, akanirudisha majini nayo. Ile rekodi yake ya ubaoni ni mimi na risasi zake. Mwaka uliofuata ndipo mumeo akaniopoa. Alinivua vizuri. Nililicheua moja pale mezani, nikadhani namsaidia, kwamba watu wangelitambua ni la nani."

Fundi aliweka koleo mezani. Halafu alilia, machozi mengi na ya wazi, na samaki alimngoja amalize, kwa sababu hakuwa na haraka.

"Pole," samaki alisema.

"Ahsante," fundi alisema, akampaka dawa.

Jioni hiyo aliibeba ndoo hadi kwenye kikao cha kamati. Hakuna aliyeshangaa kwamba samaki walikuwa wakipanda ngazi, kila mtu alishawahi kusimama nyuma yao kwenye foleni. Kilichowaudhi ni ndoo kuwekwa juu ya kitambaa kipya cha meza. Katibu alifafanua kwamba malalamiko hupokewa kutoka kwa wanachama hai waliolipa ada, na samaki, pamoja na heshima zote, hawajawahi kulipa. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba shemeji yake bado ana majonzi. Tena ubao, aliongeza, haufutwi. Ubao huandikwa tu.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Alikuwa amezaa wote wawili, mwenyekiti na Taratibu, na suala hilo hakupenda kulizungumza.

"Mama, unajua ni mwanao," fundi alisema.

"Mtoto akinyea mkono haukatwi," mama mkwe alijibu. "Na wewe usinitazame hivyo, wote wawili nimewanyonyesha." Alipepeta mchele kidogo. "Si wamesema ubao unaandikwa? Kaandikwe. Nitapiga kasia mimi. Kiti changu kiwe na mto."

Alfajiri ya mashindano besi mkubwa alikuja kibandani kutazamwa kidonda cha kooni. Kilikuwa kimepona, naye alikuwa amenenepa kwa chakula cha kweli.

"Nasikia unaingia," alisema.

"Naingia."

"Sitajileta. Ndoana yako ikikaa vizuri nitaila, ikikaa vibaya nitaicheka. Urafiki wetu ni wa hapa mezani."

"Nami nisingekuchukua kwa kujileta," fundi alisema, na wakaagana.

Jua lilipochomoza boti zilitawanyika kama kuku waliotupiwa mahindi. Karibu wote walikimbilia kando, kwenye matete, wakitupa na kuvuta, kutupa na kuvuta. Mwenyekiti alikuwa amevaa fulana yenye mifuko mingi. Fundi alimwelekeza mama mkwe katikati ya bwawa, juu ya barabara ya zamani iliyozama bwawa lilipojengwa, mahali lilipo kalvati la kupitishia maji. Siku za joto samaki mkubwa hukaa kwenye kina, karibu na kitu cha kujiegemeza, na kalvati ni nyumba yenye milango miwili.

Alifunga mnyoo wa mpira wa rangi ya tope, akaificha ncha ya ndoana ndani ya mnyoo ili isinase kwenye mawe. Akatupa, akauacha uzame mpaka mshipi ulipolegea. Akauinua kidogo, akauacha uanguke. Akangoja. Akauinua tena.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe?" mama mkwe aliuliza. "Mbona kama unambembeleza mtoto alale?"

"Taratibu, mama."

Mama mkwe alisimamisha kasia, kwa sababu alikuwa hajalisikia neno hilo kwenye boti kwa muda mrefu.

Joto lilipanda. Upande wa matete walisikia vifijo, mwenyekiti alikuwa ameshapata wa kwanza. Mnyoo uliendelea kutembea juu ya lami ya zamani, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Mara fundi akahisi kitu kwenye mshipi, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Mvuvi mchanga hapo huvuta kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo hasira huwa hasara, kwani samaki anakuwa bado anaonja. Fundi aliishusha ncha ya fimbo ya kuvulia, akakusanya mshipi uliolegea, akamwachia samaki muda wa kugeuka. Kisha akaikaza ndoana kwa mikono miwili.

Fimbo ilipinda mpaka ikainama majini.

"Rudi nyuma, mama! Anataka kuingia kalvatini!"

Mama mkwe alipiga kasia kinyumenyume huku akitukana matusi ambayo wajukuu zake hawakujua kama anayajua. Rili ililia. Samaki alipanda juu, akaruka mzima mzima nje ya maji akitikisa kichwa, na fundi akaishusha fimbo mshipi usikatike. Samaki akazama, akavuta, akaruka tena. Hakuwa anatania. Walishindana hivyo hadi mabega ya fundi yakatetemeka, na hakuna kati yao aliyemwonea mwenzake huruma. Mwishowe samaki alilala ubavu. Mama mkwe aliutanguliza wavu mbele ya kichwa, kama inavyotakiwa, wakamwingiza pamoja.

"Ilikaa vizuri," samaki alisema, akihema.

 Fundi alicheka, akalia, akacheka tena, na mama mkwe akampiga mgongoni mpaka boti ikayumba.

Gatini watu waliwapisha njia. Mwenyekiti alikwishapima wake, na alikuwa akiongoza. Besi mkubwa alilazwa mezani kwenye taulo lenye maji. Mwenyekiti mwenyewe alimbonyeza tumbo, akamfumbua mdomo, akamulika kwa tochi mpaka kooni, akabonyeza tena. Samaki alivumilia yote akimtazama machoni. Hapakutoka kitu. Akawekwa kwenye mizani, na mshale ukapanda, ukaifikia ile alama ya rangi iliyochorwa kuonyesha rekodi, ukaipita, ukasimama mbele yake bila kutikisika.

Kelele zilizopigwa hapo ziliwatoa bata majini. Watu walimbeba fundi, wakambeba mama mkwe na mto wake. Yule bwana wa boti ya bluu alilia waziwazi akisema tangu aanze kuvuta polepole maisha yake yamebadilika. Besi mkubwa alirudishwa majini kwa mikono miwili, akaelekea barabarani kwake bila kugeuka.

Mwenyekiti alichukua kipaza sauti akaeleza kuwa siku zote alijua rekodi yake ingevunjwa na mtu wa familia. Alipigiwa makofi. Kwa kuwa wanachama wote walikuwepo, uchaguzi wa uongozi ulifanyika papo hapo, naye akachaguliwa tena bila kupingwa. Mama mkwe alikuwa miongoni mwa walioinua mkono.

Mchoraji alipanda ngazi mbele ya ubao na kopo la rangi nyeupe. Bwawani pale bingwa haandikwi kwa jina la kitambulisho. Huandikwa kwa jina la majini, analolitamka mwenyewe, na mwenyekiti hulisoma kwa kipaza sauti mara rangi inapowekwa.

"Tukuandike nani, fundi?" mchoraji aliuliza.

"Mke wa Taratibu."

Brashi ilisimama. Katibu alikohoa, akasema lile jina lilishaamuliwa. Mchoraji alijibu kutoka juu ya ngazi kwamba lililoamuliwa ni Taratibu, na hili ni Mke wa Taratibu, tena mguu unamuuma na hawezi kusimama pale hadi usiku. Katibu alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alimgeukia mama yake. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mto wake, amekunja mikono, akimtazama kama alivyomtazama alipokuwa mdogo akikataa kuoga.

Herufi zilipanda moja moja, kubwa, juu ya majina yote, juu ya rekodi ya zamani.

"Soma, mwanangu," mama mkwe alisema.

Mwenyekiti alianza kwa sauti ya chini. Watu wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. Akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akalisoma lote. Gati likalirudia, na wale waliokuwa bado kwenye boti wakalirudia, likavuka maji hadi ng'ambo. Fundi alisimama katikati ya kelele hizo mikono ikinuka samaki, akalisikia jina la mumewe kila upande. Chini kabisa ya ubao, mstari mwekundu ulikuwa pale pale ulipopigwa.