Mkuu wa Dharura wa Musonoi

Mwaka wa sabini na nne, mvua ilipozidi, wakubwa wa cité ya Musonoi, mtaa wetu wa wafanyakazi wa mgodi, waliniteua niwe mkuu wa Kituo cha Dharura. Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, na sikuacha kuwakumbusha kwamba ninacho.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya kilima. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandikisha kibao cha mlangoni. Ya pili, kutafuta kiti kinachomfaa mkuu. Kisha nilichora ramani, mto kwa bluu, nyumba za mtoni kwa nyekundu, na mishale ya kuwaonyesha watu njia ya kupanda kwetu. Mwishowe nikaomba mgodini king'ora cha zamani.

"Mto ukifurika, tutakipiga," niliwaambia wasaidizi wangu. Walipiga makofi. Mimi pia nilijipigia.

Jumapili moja mchana mto ukafurika. Nilizungusha mkono wa king'ora mpaka bega likauma, kisha nikatazama chini. Watu walikuwa wakikusanya watoto, wakiingia ndani na kufunga milango.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Musonoi tunaishi ukingoni mwa shimo la mgodi. Kabla ya kulipua baruti, king'ora hulia, na kila mtu huingia chini ya paa, jiwe lisije likampasua kichwa. Wanangu mwenyewe niliwafundisha hivyo kwa fimbo. Sasa watu wa mtoni walikuwa ndani, wakingoja mlipuko, na maji yanakuja.

Mke wangu Ngalula alifika mbio.

"Tata Nkulu, acha ile makelele! Unaua batu!"

"Batatoka namna gani?"

"Kwa kilio cha matanga. Nani anabakia mu nyumba akisikia kilio?"

"Basi unililie mi. Mi ni chef, mukubwa wa kituo."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Weye? Haya, tujaribu."

Tulishuka hadi katikati ya nyumba, nami nikajificha nyuma ya ukuta. Akaweka mikono kichwani. "Mamaeee! Tata Nkulu amekufa!"

Mama mmoja alichungulia, akafunga tena. Aliyetoka ni mzee Abedi peke yake, mfanyabiashara wa samaki, akilia kwa sauti kubwa.

Ngalula hakupoteza muda. Alibadilisha maiti. "Ngeleka! Yooo, Ngeleka wetu!"

Ngeleka alikuwa golikipa wa timu yetu. Cité nzima ilimwagika nje. Ngalula akapanda kilima akilia, nao wote nyuma yake, na Ngeleka mwenyewe katikati yao, sabuni usoni, akiuliza, "Nani ameniua?"

Wa mwisho alipofika juu, maji yalikuwa yakiingia madirishani kule chini. Mbuzi walikwenda, magodoro yalikwenda. Mtu hakupotea hata mmoja.

Abedi tu ndiye hakukisikia kilio cha pili, kwa jinsi alivyokuwa akilia. Alikaa kwenye ngazi ya kituo, kichwa chini, akisema Musonoi imepoteza mtu wa akili, mtu aliyesoma. Watu walitaka kumwonyesha kwamba nimesimama nyuma yake.

Niliwazuia kwa mkono. Nikamwacha amalize.