Kurasa Alizoziruka Gundi

Watu walimwita Gundi kwa sababu alijalidi vitabu kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo gundi haikuwahi kumtoka kwenye kucha. Mkewe alishona kurasa, yeye akatia majalada. Chumba chao cha mbele kilikuwa karakana, na sasa kilikuwa pia chumba cha mgonjwa, kitanda kimebanwa kati ya meza ya kukatia karatasi na rafu ya vitambaa.

Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Kila asubuhi muuguzi alikuja na dawa ya maji ya kutuliza maumivu, na kila asubuhi Gundi aligeukia ukutani.

"Shikamoo, mzee. Leo utakunywa kidogo?"

"Marahaba, mwanangu. Leo kama jana."

Muuguzi akaiacha chupa mezani, akaenda zake. Mke akatazama dari. Kwamba mtu huyu ana kichwa kigumu alilijua tangu siku ya posa, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Ila wiki mbili sasa mumewe hakuzungumza naye, alisaga meno tu. Daktari alishasema zimebaki wiki, si miezi, na yeye hakuwa tayari mazungumzo ya maisha mazima yaishie kwenye kusaga meno. Akapiga moyo konde, akavuta kiti.

"Baba watoto, niambie kwa nini."

"Bwana Yesu pale msalabani aliletewa divai iliyotiwa dawa," Gundi akasema, akipumua katikati ya maneno. "Akaikataa. Mimi ni nani niinywe? Na kuna waraka unasema baba humwadhibu mtoto anayempenda. Acha niadhibiwe."

"Na kuna waraka mwingine unasema viumbe vyote vinaugua kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Mimi nimezaa mara nne, na mara zote nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Hukuniambia ninyamaze. Wewe mwenyewe ulikuwa unalia mlangoni!"

Midomo ya Gundi ikacheza kidogo. Mkewe akaichukua Biblia yao kuukuu, ambayo Gundi alikuwa ameahidi kuibadilishia jalada kwa miaka kumi na moja, akafungua Injili ya nne.

"Hapa Bwana anasema ana kiu. Wanampelekea sifongo, naye anakunywa."

"Ile ilikuwa siki, si dawa."

"Sijauliza ilikuwa nini. Alikuwa anaumia, akasema, akapewa, akapokea."

Mkewe akasogea karibu zaidi.

"Unakumbuka kile kitabu cha nyimbo za kwaya, mwaka wetu wa kwanza? Nilisahau kurasa kumi na sita. Ukakata nyuzi zote, ukasema kitabu kikipungua kurasa hakitoki kwenye mlango huu. Nililia mchana kutwa."

"Nakumbuka."

"Sasa wewe mwenyewe umeziruka kurasa hizi, unataka kutoka kwenye mlango huu na kurasa pungufu."

Mzee akamgeukia. "Kwani za kweli ni zipi, alipokataa au alipokunywa?"

"Sijui, mume wangu. Mwandishi mmoja wa Injili anaandika kwamba Bwana alilia ameachwa, mwingine kwamba aliikabidhi roho yake kwa utulivu. Waliozikusanya waliona hazifanani, na hawakuchana hata ukurasa mmoja. Labda walijua hatutaumwa sote kwa namna moja."

Gundi akafumba macho. "Haya, lete hiyo chupa. Lakini kidogo."

Mchana aliamka, uso umemlegea. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba jalada la ile Biblia ni aibu tupu kwenye nyumba ya fundi.

Walipata siku kumi na tisa. Mke aliishona Biblia upya ameketi ukingoni mwa kitanda, Gundi akakosoa kila mshono, na katikati wakazungumza: mambo ya watoto, mambo ya marehemu mama mkwe, na siku ile paka alipokanyaga gundi akatembea juu ya vyeti vya watu. Walicheka mpaka muuguzi akadhani kuna wageni. Siku ya kumi na nane Gundi alipaka gundi kwa mkono wake mwenyewe, akabandika jalada, akapitisha kidole gumba kwenye kurasa zote.

"Hakuna pungufu," akasema. "Asante, mama watoto."

Waliokuja kuuosha mwili wake walitaka kuikwangua gundi kwenye kucha. Mkewe akawashika mikono, akitokwa na machozi na huku akishukuru.

"Hiyo iacheni," akasema. "Hiyo ni ya juzi."