Mji Alioukataa Ghati

Bibi Petronila alizoea kumsemea mjukuu wake. Tangu Ghati aanze kuanguka kifafa akiwa darasa la nne, dukani bibi ndiye aliyesema mtoto anataka nini, na kanisani aombewe nini. Sasa Ghati ni mwanamke wa miaka ishirini na miwili, na anayesema bado ni bibi.

Kwa hiyo asubuhi ile walipofika kliniki Musoma kutoka Butiama, kufuata dawa kama kawaida, na nesi Hyasinta akasema siku hizi kila mwenye kifafa anaulizwa pia habari za moyo wake, bibi alivuta kiti mbele.

"Unalalaje, Ghati?" nesi aliuliza.

"Analala kama gogo," bibi akajibu. "Mimi ni mke mwenzie, tunalala chumba kimoja."

Nesi alitabasamia utani huo wa bibi na mjukuu. "Na kula?"

"Hali sana, lakini hata mama yake alikuwaga hivyo."

"Bibi, namuuliza yeye."

"Muulize tu. Huyu hasemagi."

Ghati aliitazama mikono yake. Wa kushoto una kovu la siku alipoangukia jikoni. Nesi akashusha sauti. "Kuna siku unawaza ni heri usingekuwepo?"

"Kwetu hakunaga mambo hayo," bibi akadakia.

Ghati, bila kuinua macho, akasema, "Kitendawili."

Bibi alishangaa. Vitendawili ni mchezo wao wa nyumbani, wakichambua dagaa. Lakini mdomo ulishazoea. "Tega."

"Kipo kwetu. Kinalishwa, kinalindwa, kinaombewa. Kikiondoka, wote watapumzika."

"Ndama mgonjwa."

"Siyo."

"Mgeni asiyeaga."

"Siyo."

Bibi alicheka peke yake. "Haya, umenishinda. Nakupa mji. Chukua Bunda, na mnada wake."

"Sitaki Bunda."

"Basi chukua Musoma, na ziwa nakuongeza."

"Sitaki mji, bibi." Sasa alimtazama. "Ni mimi."

Bibi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo tele, ya kunyamazisha na ya kuombea. Akayameza. Akajifunga kitenge vizuri, akatoka, akaketi kwenye benchi la nje. Kupitia mlangoni aliisikia sauti ya Ghati, si maneno, sauti tu, ikiendelea na kuendelea. Hakujua kama mtoto yule ana mazungumzo marefu hivyo.

Alipoitwa ndani, nesi alisema taratibu. "Bibi, hii si laana, wala hajakosa shukrani. Inaitwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Inawapataga wengi wenye kifafa, na inatibika. Leo ataonana na mshauri, wiki ijayo mnarudi. Kwa sasa asiachwe peke yake, na dawa zake utunze wewe."

Bibi alizipokea dawa, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

Jioni, Butiama, walikaa na ungo wa dagaa katikati yao. Ghati alingoja kitendawili. Hakikuja.

"Mke mwenzangu," bibi alisema mwishowe, "usiku unalalaga kweli?"

Kisha akafanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: akanyamaza. Dagaa watatu, wanne, wakapita vidoleni mwake.

"Silalagi, bibi," Ghati alisema. "Nakusikiaga ukikoroma."

"Basi leo uniamshe," bibi akasema, akasogeza kigoda chake karibu.