Kimya cha Mwalimu Mwinyimadi

Tangu alfajiri Mwalimu Mwinyimadi alikuwa akiitafuta Fatiha. Aliiona herufi kwa herufi, kama alivyowaandikia wanafunzi wa Msimbu ubaoni kwa miaka thelathini. Lakini kila alipofungua kinywa, ulitoka mkoromo na mate, na mdomo ukashuka upande wa kulia. Mkono wa kulia ulilala pajani mwake kama mali ya mtu mwingine.

Yalimkuta akitia udhu. Kata ilipomwaga maji alidhani imemponyoka tu. Hofu ilimshika alipotaka kumwita mkewe: jina lilikuwapo kichwani, zima, na ulimi haukulibeba.

Majirani walisema ni upepo wa shetani. Mwanamkuu, mkewe, hakuwabishia. Kaka yake mwenyewe alipokufa hivyo hivyo, dresa, mganga msaidizi wa hospitali, alimwambia kwamba damu iliziba njiani, ikashindwa kuufikia ubongo. Mgonjwa wa namna hiyo hukimbizwa, hangojwi. Akamwendea Jumbe Mfaume kuomba watu wanne wa kubeba kitanda mpaka hospitali, Kisarawe.

Jumbe alikuja na karani, na karani alikuja na karatasi.

Karatasi ile Mwalimu aliijua. Ililitia shamba lake katika msitu wa serikali, pamoja na makaburi ya wazee wake. Mara mbili aliulizwa barazani; mara mbili alisema, "Sitoi," na kijiji kizima kikasema pamoja naye.

"Wanaume wako barabarani, wanachimba kwa amri," alisema Jumbe. "Wanne nitawatoa. Kwanza tulimalize hili."

"Lazima akubali mwenyewe," karani alinong'ona.

Jumbe akacheka. "Mwalimu, si wewe uliyetusomesha? Mwari akiulizwa, akanyamaza, amekataa huyo?"

Mwalimu alikumbuka siku ya nikaha ya binti yake. Mboni alikuwa nyuma ya pazia, mabega yakimtikisika bila sauti. Yeye baba ndiye aliyewatokea mashahidi akasema: ameridhia.

"Huyu si mwari, Jumbe," alisema Mwanamkuu. "Huyu mgonjwa. Mpelekeni, akirudiwa na ulimi, mwulizeni."

"Na usipomrudia, bibi? Mwalimu, unakubali?"

Alikusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo. Ulitoka mkoromo.

"Umesikia, karani? Hakukataa."

Ndipo mkono wa kushoto ukateremka kitandani, kidole kikachora vumbini: lamu, kisha alifu, zimepinda kama za mtoto wa siku ya kwanza chuoni. La.

Jumbe alizitazama. Herufi hizo alifundishwa na mkono huo wa kulia uliolala.

"Anaandika nini?" aliuliza karani.

"Anajikuna."

Kiatu cha Jumbe kikapita juu ya vumbi. Kisha akauinua mkono uliokufa, akachovya dole gumba katika wino, akalikandamiza karatasini. Mwalimu aliliona likienda na likirudi. Hakuhisi kitu.

Wabebaji walifika alasiri. Walikuwa wawili.

Wakashika pembe za mbele. Mwanamkuu akajifunga kanga kiunoni, akashika moja ya nyuma. Pembe ya nne, upande wa ule mkono, haikuwa na mtu. Wakatoka kwa kukatiza shambani mwa Mwalimu, kuifuata njia ya Kisarawe, na tendegu lile likaburuta, likichora mstari katikati ya mihogo, hadi penye makaburi ya wazee wake, na kupita.