Bata Kumi na Mmoja

Mwanamke nisiyemjua aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaweka nakala moja ya ripoti mezani kwangu. Vidole vyake vilikuwa na gundi iliyokauka.

"Ni wewe uliyeandika hii?"

Nikasema ni mimi, tena kwa fahari kidogo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu. Kwa miezi saba nilikuwa nimewahoji wanawake wa kila umri, wasichana wa shule hadi vikongwe, kuhusu yale wanayoyabeba moyoni.

"Mimi ndiye ninayejalidi vitabu pale kwenye kiwanda cha uchapaji," akasema. "Sisomi ninachojalidi, ningekuwa profesa sasa hivi. Lakini ukurasa mmoja ulijikunja, nikaunyoosha."

Akaufungua. Palikuwa na habari za fundi cherehani wa miaka sabini na sita. Jina sikuliandika, nikadhani inatosha. Lakini niliandika kwamba alimshonea mtoto wake wa kwanza magauni kumi na moja, kila moja likiwa na bata mdogo wa uzi wa manjano, na kwamba kwa mwaka mzima hakuhisi chochote kwa mtoto huyo. Alimnyonyesha, akamwogesha, akamlaza, "kama ninamlelea jirani."

"Magauni hayo yako kabatini kwangu," mjalidi akasema. "Una bahati sikuja na moja. Mtoto huyo ni mimi. Nina miaka hamsini na miwili."

Ningeweza kuwaondoa wale bata. Niliwaacha kwa sababu walipendeza, na bosi wangu alikuwa amewawekea alama ya vema.

"Nisamehe, mama."

"Usiniite mama, nitalia. Niambie kitu kimoja tu. Baada ya mwaka huo, ikawaje?"

Jibu lilikuwa ndani ya droo yangu, kwenye kinasa sauti. Fundi alisimulia jinsi mtoto alivyopiga chafya asubuhi moja, akajishangaa mwenyewe, na yeye fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo hakuweza kumweka chini. Sehemu hiyo niliikata. Sura ile ya ripoti ilihusu huzuni ya baada ya kujifungua, na kicheko hakikuwa na pa kukaa.

Mjalidi aliona macho yangu yakienda kwenye droo.

"Umemrekodi. Nipe dakika mbili nisikie, tuyamalize hapahapa. Ukikataa, napanda juu kwa bosi wako."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na bosi ndiye angeamua kama ningebaki. Nikaomba nipige simu, nikatoka nje ya ofisi. Nilimweleza fundi yote, hata bata. Cherehani iliyokuwa ikilia nyuma ya sauti yake ikanyamaza.

"Umenivua nguo sokoni, mjukuu wangu."

"Najua, bibi."

"Yuko hapo?"

"Yupo."

"Basi usimwambie neno. Na hiyo sauti yangu usimsikilizishe. Niache nimwambie kwa mdomo wangu, nikimtazama. Aje leo. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Uliniahidi na siku ile kwamba hakuna atakayenijua," akasema, akakata simu.

Niliporudi, mjalidi alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi.

"Siwezi," nikasema. "Anakuomba uende kwake leo. Atakuambia mwenyewe."

"Kila Jumapili niko kwake. Tunaongea bei ya vitambaa na magoti yake. Leo ndiyo ataongea?"

"Ataongea."

"Na wewe unalijua atakalosema."

"Ninalijua."

Akanikazia macho, akilitafuta usoni kwangu. Nikainama, maana habari ilikuwa njema na uso wangu haujui kuficha. Sentensi moja ingemtua mzigo, na mimi ndiye niliyemtwika.

"Una roho ngumu, binti," akasema taratibu. "Sura ya upole, roho ya jiwe."

Akachukua ripoti yake, akatoka. Nilisikia viatu vyake vikipanda ngazi, kisha mlango wa bosi ukifunguliwa. Droo ilikuwa karibu na goti langu. Ningeweza kumkimbilia na kinasa sauti kabla hajaanza kusema. Niliweka mikono mapajani, nikakaa, nikingoja kuitwa.