Kizibo Kisichokuwa Mezani

Watu wa mtaani walimwita Spana, na hata mama yake alikuwa ameshazoea kumwita hivyo. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi, banda la mabati lenye sakafu iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi kama lami. Baba yake, dereva mstaafu wa malori ambaye wenzake walimbandika jina la Taratibu, hakuipenda kazi ile kwa binti yake. Hakumkataza. Alikuwa tu akipita mbele ya banda bila kugeuza shingo, kama mtu anayepita penye ugomvi wa watu asiowajua.

Kwa hiyo siku alipokuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akingoja zamu yake kama mteja mwingine yeyote, Spana aliweka chini alichokuwa ameshika. Mzee alisema gari lake linamtesa. Linakohoa, linazima kila likisimama penye njia panda, na mafundi wawili wa mjini wameshalishindwa. Kisha akasema, akiangalia pembeni, labda yeye angelitazama.

Gari lenyewe lilikuwa na umri kumshinda Spana. Chini ya boneti, kabureta yake ilikuwa imezungukwa na mipira myembamba ya hewa iliyosokotana kama utumbo, kila mmoja ukipeleka mvuto wa injini kwenye kidude fulani: hiki cha kupunguza moshi, kile cha kuamsha injini ya baridi, na vingine ambavyo hata fundi aliyevibuni pengine alishavisahau. Mipira ilikuwa imezeeka na kupasuka, na injini ilikuwa ikivuta upepo kupitia nyufa zake. Ilikuwa sawa na mtu anayepiga filimbi iliyotoboka kila mahali.

Jioni ile kaka yake mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, alimvuta kando karibu na tangi la maji. Nyumba yake ilipakana na ya wazazi na alikuwa akiona mengi. Alisema mikono ya baba inatetemeka siku hizi. Alisema nguzo ya geti ilishakwanguliwa, na baba akasingizia mbuzi wa jirani.

"Liache life lenyewe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Likifa kwa ugonjwa wake, hakuna atakayemnyang'anya ufunguo, na hakuna atakayelaumiwa. Mama pia anataka hivyo."

Spana alifungua bomba la tangi akaosha mikono. Kaka yake alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Usiku alijigeuza kitandani akiona mikono miwili ya baba: ule unaotetemeka juu ya usukani, na ule aliouficha nyuma pale mlangoni. Asubuhi alifungua boneti.

Aliing'oa kabureta ya zamani pamoja na utumbo wake wote. Badala yake alitafuta nyingine nyepesi, ya gari dogo la mizigo lililokuwa likioza kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Matundu yake hayakulingana na ya injini, akakata kipande cha alumini na kukitoboa kwa subira mpaka kikakaa katikati yao kama mshenga. Alibadilisha vijitundu vya mafuta, akaonja moshi kwa pua, akabadilisha tena. Katika mipira yote aliamua kubakiza mitatu tu: mmoja wa kurekebisha mpigo wa cheche, mmoja wa kufyonza mvuke mchafu wa injini, na ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, lile dude jeusi mfano wa sufuria linalousaidia mguu kukanyaga. Matundu mengine aliyaziba moja moja.

Ila ule mpira mnene aliuchomoa kwa muda. Alitaka kuisikiliza injini peke yake, isije ikawa busta nayo inavuja na kumdanganya. Kwenye tundu lake akachomeka kizibo cha mpira chenye boliti katikati, kizibo chake cha siku zote, akaanza kuzungusha skrubu za kabureta nusu mzunguko huku na robo mzunguko kule. Polepole kikohozi kikaisha. Injini ikanguruma laini, hata maji ndani ya kikombe kilichowekwa juu ya betri hayakutikisika sana.

Ndipo Mwalimu alipoingia. Aliisikia sauti ile kutoka kwake. Hakupiga kelele, lakini maneno yake yalikuwa mazito: kwamba Spana amempa baba kaburi lenye magurudumu ili apate kusifiwa. Spana naye akamjibu yasiyostahili kujibiwa kaka mkubwa. Mama akaja akawatenganisha kwa kuwaita mezani, na Spana akafunga boneti, akafuta mikono, akaenda kula chakula asichokisikia ladha. Pale mezani alimwambia baba kwamba gari bado, kesho atalijaribu barabarani kwanza. Mzee aliitikia kwa kichwa. Lakini masikio yake yalikuwa bado kwenye mngurumo ule.

Asubuhi geti lilikuwa wazi na gari halipo.

Mwanzoni alikasirika tu. Mama naye hakuwepo; kitanda kilitandikwa, mkoba wake mzuri haupo msumarini. Spana akakumbuka kwamba mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa anaumwa mguu huko ng'ambo ya mto, chini ya mlima. Akapiga simu ya mama. Ikalia jikoni, juu ya friji. Baba hakuwahi kubeba simu akiwa anaendesha.

Akaenda bandani kutafuta la kufanya, na macho yake yakatua kwenye meza ya vifaa. Kitambaa kilikuwepo, spana zilikuwepo, skrubu za akiba zilikuwepo kwenye kifuniko cha rangi. Kizibo hakikuwepo.

Alijaribu kujikumbuka akikichomoa. Aliona mkono wake ukikichomeka, aliona skrubu, aliona viatu vya kaka yake mlangoni, halafu aliona sahani. Katikati hapakuwa na kitu. Alipiga magoti akapapasa chini ya meza. Alimwaga debe la takataka sakafuni na kuzichambua kwa vidole. Alitafuta mifukoni mwa ovaroli, hata ile aliyoifua juzi. Hakuwahi kutamani kukiona kitu namna ile, kipande cha mpira kisicho na thamani, kwa maana kama hakipo bandani, kipo kwenye injini, na kama kipo kwenye injini, breki za baba ni ngumu kama jiwe. Ndani ya kiwanja mtu asingejua. Kwenye njia tambarare angejua kidogo. Mlimani angejua chote.

Alimwendea kaka yake mbio akiwa na kandambili. Alisema tu kwamba baba na mama wameshuka mlima na gari halijajaribiwa. Mwalimu alimtazama usoni, akaacha kuuliza, akatoa pikipiki.

Barabara ya mlima ilikuwa imejaa malori yaliyoshuka kwa gia nzito, yakinuka breki zilizoungua. Spana alimshika kaka yake kiunoni na kuchungulia kila kona: kingo za chuma, alama za matairi, majani yaliyolala. Alitaka kumwambia. Kila alipofungua mdomo upepo uliingia na maneno yakarudi tumboni. Kwenye kona moja watu walikuwa wamekusanyika wakiangalia bondeni, na Spana akambana kaka yake kwa mikono yote miwili kabla hajaona kwamba ni gunia la viazi lililodondoka kutoka kwenye lori, na watu walikuwa wakishindania kulifuata.

Waliwakuta karibu na chini kabisa, kona chache kabla ya daraja. Gari lilikuwa limeegemea ukuta wa udongo kwa ubavu wake wa kushoto, gurudumu moja mtaroni, kioo cha pembeni kimeng'oka, mlango umekwanguliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkoba magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Hakuwa na jeraha. Baba alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya boneti.

"Aliniambia nishike mkoba wangu vizuri," mama alisema. "Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Ndipo nikajua kuna kitu."

Mwalimu alimzunguka baba akimkagua, kisha akauliza imekuwaje. Mzee alimtazama Spana kwanza. Alimtazama kwa muda, bila hasira, na Spana akaelewa kwamba anajua. Mguu wa dereva wa miaka mingi hauwezi kudanganywa na pedali. Alikuwa ameshusha gia moja baada ya nyingine, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, kisha akalisugua gari kwenye ukuta wa ndani mpaka likakubali kusimama.

"Ni macho," mzee alimwambia Mwalimu. "Sikuuona mtaro."

Mwalimu alishusha pumzi. Alinyoosha mkono kwa upole, kiganja juu, akasema basi, baba, na ufunguo tuupumzishe sasa. Na mzee akaingiza mkono mfukoni. Mkono ulikuwa unatetemeka, ukashindwa kuupata ufunguo, ukajaribu tena.

Spana alifungua boneti. Kizibo kilikuwa pale pale, kichwa cha boliti kikimtazama, na mpira mnene umelala kando yake kama nyoka aliyekufa. Kingetoshea kiganjani. Hakuna ambaye angekiona. Alikichomoa, akakishika juu ili kaka yake akione.

"Si macho ya baba, kaka," alisema. "Ni mimi. Nilikisahau hiki, breki zikakosa msaada. Angekuwa dereva mwingine, tungekuwa tunawatafuta mtoni."

Mwalimu alikitazama kile kitu kidogo. Kisha akaketi chini, pale pale ukingoni mwa barabara, akafunika uso kwa mikono. Hakumtukana, wala siku ile wala baadaye. Pengine ingekuwa nafuu zaidi kama angemtukana. Mzee alisema tu, taratibu kama jina lake, kwamba hakuna aliyemwomba binti aseme. Mama akamwambia anyamaze.

Spana aliurudisha mpira mahali pake, akaukaza kwa kibano, akaukagua, akaukagua tena. Alikanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, akamwomba mzee ufunguo akaiwasha, na pedali ikazama chini ya mguu wake inavyopaswa. Watu wa lori la viazi, walipofika wakishuka, walisaidia kulitoa gari mtaroni. Mama akatangaza kwamba mdogo wake bado anaumwa na yeye bado anakwenda kumwona, na kwamba atakaa nyuma. Mzee alimwachia Spana ufunguo, akaenda upande wa abiria. Kila kona mpaka darajani, alikanyaga sakafu pasipo na pedali.

Mabishano ya ufunguo hayakuisha. Mzee aliendelea kuendesha kwenda sokoni na msikitini, mlimani hapana, na huo ndio muafaka waliofikia, ingawa kila mmoja aliamini ameshinda mwenzake. Gari halikukohoa tena. Lakini kila Spana aliposikia geti likifunguliwa na injini ile ikiwaka, laini, bila kasoro, aliacha alichokuwa akifanya, akasimama katikati ya banda na spana mkononi, akausikiliza mngurumo ukipungua mtaani mpaka usimfikie tena. Na hata hapo hakuweza kuanza kazi mara moja.