Moshi Mweupe wa Lori la Maji

Lori la Twaiba lilipoanza kutoa moshi mweupe, watu wa Mwabungo waliuona kabla yake, maana dereva huangalia mbele. Mwenye duka la mikate akafunga dirisha. Vijana wa bodaboda wakasema Twaiba siku hizi anapika barabarani, wakamwomba awaonjeshe. Alicheka nao, lakini ile harufu haikumtoka rohoni. Ilikuwa harufu ya dizeli mbichi, kama iliyomwagwa sakafuni.

Lori hilo hubeba tangi la maji. Kiangazi kile mabwawa ya upande wa Samburu ya huku Kwale yalikuwa yamekauka, na kulikuwa na kijiji ambacho Twaiba asipofika, watu na mbuzi waligawana kilichobaki mitungini.

Fundi Katana aliutazama moshi, akamwambia kwa upole kwamba pengine ringi za pistoni zimechoka, na itabidi injini ishushwe. Kushusha injini ni kazi ya wiki nyingi. Twaiba alimjibu kwamba hambishii, lakini haishushwi mpaka ugonjwa ujulikane. Fundi mwingine angekasirika. Katana alimvutia kiti kivulini, akaanza upya.

Maji ya rejeta hayakuwa yamepungua, kwa hiyo moshi ule haukuwa mvuke wa maji. Injini ikiunguruma, alilegeza paipu za nozeli, zinazopuliza dizeli kwenye silinda, moja baada ya nyingine, na kila alipolegeza, injini ilikohoa na kuyumba. Maana yake silinda zote zilikuwa zikifanya kazi. Hapakuwa na moja ya kulaumiwa. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akampa Twaiba naye anuse. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, nayo ilinuka dizeli.

Katana akauliza kama huwa anaiacha injini ikiunguruma muda mrefu kabla ya kuondoka. Twaiba akasema la, yeye hupanda, husema Bismillahi, akaondoka. Tena siku hizi inawaka mara moja tu, alhamdulillahi. Fundi akasema kesho atakuja aisikie inavyowaka ikiwa baridi.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, walikutana kwenye uwanja wa malori. Mzee Chirau, mlinzi wa uwanja, alikuwa akifagia. Twaiba akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba. Katana akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi.

"Mama Muhsina, hii haikulala," akamwambia Twaiba.

Mzee Chirau akauegemeza ufagio ukutani. Hakujificha. Alieleza kwamba tangu asubuhi ile betri ilipokataa, Twaiba akakosa safari na kulia mbele yake, yeye huliwasha lori mapema kwa ufunguo wa akiba, huliacha liungurume mpaka adhana, kisha hulizima.

"Sikutaka shukrani, mwanangu. Nilitaka likukute tayari."

Twaiba akamsogelea. Ingekuwa rahisi kunyamaza, kisha auondoe ule ufunguo kimyakimya. Lakini kumficha mtu mzima jambo kama hilo ni kumfanya mtoto, na mzee huyu hakustahili hayo. Akamshika mkono.

"Baba, wema wako umenifikia. Lakini injini ikiunguruma bila mzigo haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote. Nyingine inatoka moshi, nyingine inateremka kwenye oili."

Mzee aliinamisha kichwa. "Basi nimeiua?"

"Bado hatujui," Katana akasema, na Twaiba akampenda kwa kutomdanganya mzee.

Angesafisha nozeli, alisema, na kubadilisha oili, kisha lori lipande mlima wa Kwale likiwa limejaa maji. Injini ikipata moto wa kazi, uchafu utaungua. Moshi ukikatika kabla ya kufika juu, imepona. Usipokatika, itashushwa, na Mama Muhsina asimbishie tena. Twaiba akakubali.

Siku ya safari alimpandisha Mzee Chirau karibu naye, akampa kazi ya kutazama kioo. Kutoka Kombani lori lilipanda likiguna. Moshi ulitanda nyuma, magari yakapiga honi, na mzee akatoa mkono dirishani kuwaomba radhi, kana kwamba kuna aliyemwona. Twaiba alishika gia ya chini, hakulegeza mguu. Alitamani kuuliza, asiulize. Kona zikapita. Nyumba za Kwale zilipoanza kuonekana, mzee alisogeza uso karibu na kioo.

"Namwona dereva wa nyuma," akasema. "Ana ndevu. Amekasirika sana."

Twaiba akacheka huku machozi yakimlengalenga. Alizipita ofisi za kaunti bila kusimama, akashika njia ya Kinango.

"Mwanangu, hatugeuzi?"

"Maji ni ya Samburu, baba."

"Nami sijaaga nyumbani."

Twaiba akampa simu yake, akakanyaga mafuta.